Mifuko ya Wateja Wasio na Miguu

"Kitendawili," alisema Kidawa, gari lilipokuwa likiupita mji wa Corsicana, Texas.

"Tega," alijibu Charlotte, Mkongo mwenzake wa kazini, kutoka kiti cha nyuma, alikobanwa na maboksi mawili ya nguo.

"Nyumba yangu haina mlango wala dirisha. Mpangaji wake hana mguu wala mkono. Akishaingia, inafungwa fundo."

Charlotte akafikiri maili kumi nzima. "Ni mutoto ndani ya tumbo."

"Mtoto ana miguu, tena anakupiga nayo."

"Basi ni muchele ndani ya gunia."

"Mchele ni wapangaji elfu. Mimi nimesema mmoja."

"Nimeshindwa, ma chère."

"Nipe mji."

"Kamata Houston. Tuko naenda kule hata hivyo."

"Nimeipokea. Nilikwenda Houston nikala nikashiba, wenyeji wakanitandikia mkeka, wakaniuliza jibu ni nini. Nikawaambia ni mfuko, na aliyemo ni mteja."

Gelasius, mume wa Kidawa, alikuwa ameshika usukani na amejizuia kucheka tangu nyumbani, walikowaacha watoto. Hapo akashindwa. "Mteja," alisema. "Mama Angel, mwite nyoka kwa jina lake. Unamshonea nyumba na jina hutaki kulisema."

"Kwetu Tanga huyo hatajwi ovyo. Ikibidi kumtaja unamwita ukuti. Mimi namwita mteja, maana ndiye atakayenilipa."

Ndani ya yale maboksi mlikuwa na mifuko mia mbili na arobaini ya pamba ya kubebea nyoka. Wamarekani wafugao nyoka hawambebi mnyama wao kwenye ndoo. Humtia mfukoni wakapiga fundo, naye hujikunja akatulia kama mtoto mgongoni. Kidawa hakuwa amewahi kumwona hata mmoja akitiwa humo, wala hakuomba kumwona. Yeye alijua kushona. Cherehani yake ilikaa jikoni, katika nyumba yao ya kupanga kule Euless ambako ndege zinapita juu ya paa kutwa, na mshono wake ulikuwa ule wa foronya aliofundishwa na shangazi yake: unashona upande mmoja, unageuza, unashona tena, mpaka makali yote ya kitambaa yamezikwa na hakuna uzi hata mmoja uliobaki nje. Kumbe wafuga nyoka walikuwa wakiutafuta mshono huo siku zote, kwa sababu uzi unaoning'inia humkaba mtoto wa nyoka.

Mwezi wa tano aliazimwa pembe ya meza ya mtu kwenye maonyesho ya wafuga nyoka kule Arlington, akauza mifuko thelathini kabla ya adhuhuri. Mwenye maonyesho, mama wa Kizungu mwenye miwani shingoni na sauti ya mwalimu mkuu, akamwambia aje Houston mwezi wa saba, alipie meza nzima kwa siku mbili. Akifanya vizuri atapewa meza ya kudumu, kila mwezi, Houston na Arlington.

Sasa, wikiendi ndizo siku ambazo Kidawa na Charlotte walifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Charlotte aliomba ruhusa mapema akapewa, naye alikuwa anakwenda Houston kumsalimu kaka yake. Gelasius aliamini kwamba mkewe pia kapewa. Ukweli ni kuwa Alhamisi msimamizi alimwambia Kidawa achague, ama wazee ama nyoka, na Kidawa, mwanamke asiyethubutu kutamka jina la nyoka, akachagua nyoka. Aliandika barua ya kuacha kazi wakati wa chai na kuikabidhi kwa mikono miwili. Shahidi alikuwa Charlotte. Gelasius, anayepakia mizigo uwanja wa ndege na kuwaambia watoto kila asubuhi kwamba kazi ni kazi, hakujua lolote.

Waliposimama Huntsville kutia mafuta na Gelasius akaingia ndani kulipa, Charlotte alisogeza kichwa katikati ya viti.

"Utamwambia lini?"

"Nikishauza."

"Na kama hauuze?"

"Nitauza."

"Miye ninauliza tu, Mama Angel. Juu kama hauuze, uko na kazi mbili za kupoteza. Ya wazee, na ya bwana."

"Nyamaza, anakuja."

Gelasius akaingia na pakiti tatu za karanga, akampa kila mtu yake, akauliza mbona wamenyamaza. Charlotte akasema walikuwa wakitafuta kitendawili kingine.

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama karakana ya ndege, na baridi yake ya mashine ilimfanya Kidawa ajitande khanga mabegani. Meza zilipangwa safu kwa safu. Juu yake kulikuwa na vikopo na makontena ya plastiki yenye matundu, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na kitu kinachokutazama. Kulikuwa na mijusi yenye vidole vinene, vinyonga, kobe wa ukubwa wa ndimu na wa ukubwa wa beseni, na chatu waliojikunja kama mikanda dukani. Mahali pengine waliuza panya waliogandishwa, pengine taa za kuwapasha joto, na nyenje wa chakula walilia ndani ya maboksi kama mashambani jioni. Charlotte alifika mlangoni, akatazama ndani mara moja, akarudi kukaa kwenye benchi la korido na mkoba wake kifuani.

Kidawa alitazama meza yake tu. Alitandaza kitambaa cheupe, akapanga midogo ya dola nne, ya kati ya dola sita, mikubwa ya dola tisa. Gelasius alimsaidia kubeba maboksi, kisha, milango ilipofunguliwa kwa watu, akasogea hatua tano hivi, akasimama karibu na muuza nyenje. Alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa. Mikono aliitia mfukoni kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mnene mwenye ndevu kama ufagio. Kila mtu alimwita Wendell, na kila mtu alimpisha, maana ndiye mfugaji wa chatu mkubwa kuliko wote pale. Alichukua mfuko, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu toka pembe hadi pembe.

"Mshono huu niliuona Arlington," alisema. "Ni wako?"

"Ni wangu."

"Nahitaji arobaini." Akauinua usoni ili autazame kitambaa kwenye mwanga, akasimama hivyo hivyo. Akanusa. Akanusa tena. "Hii ni nini?"

"Udi," Kidawa alisema kwa fahari.

Akamweleza. Kwao nguo mpya haikabidhiwi mbichi. Unaweka mkaa na udi kwenye chetezo, unaifukiza, ndipo unampa mwenyewe, ajue kwamba umemheshimu. Ile thelathini ya Arlington aliiuza bila kufukiza kwa kuwa aliona ni ya kujaribia tu. Hii ya Houston aliifanyia kazi. Siku mbili aliitundika kwa kamba bafuni na kuifukiza, mafungu kwa mafungu, mpaka king'ora cha moshi kilipolia mara tatu na jirani yao Placide wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama nyumba inaungua au kuna harusi.

Wendell alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mama," alisema, "mnyama wangu ananusa kwa ulimi. Humu ndani nitamfungia kwa muda wa saa nne, anavuta hewa hii hii. Manukato yanaweza kumuua." Akaurudisha mfuko juu ya fungu kwa upole, kama mtu anayemrudishia mama mtoto wake, akaenda.

Habari ikatembea meza kwa meza. Watu walikuja, wakashika kitambaa, wakatabasamu, wakanusa, wakaweka chini. Mama mmoja alisema harufu ni nzuri sana, akauliza kama anauza hiyo harufu peke yake. Kijana mmoja alinunua mfuko wa dola nne, akasema ni wa kutilia soksi. Kidawa alimshukuru, akamrudishia chenji, na kila noti aliyoigusa ilimkumbusha barua ya Alhamisi.

Karibu na saa sita alitokea Mtanzania, jamaa mrefu mwenye sauti ya kuendesha vikao. Jina lake Humphrey, mweka hazina wa Watanzania wa Houston, aliyekutana na Gelasius kwenye msiba mmoja na hakuwa amewahi kumwona mkewe.

"Gelasius? Ni wewe huyu?"

Gelasius aligeuka kama aliyeguswa na barafu. "Ah, Bwana Humphrey."

"Na wewe umeletwa na watoto?"

Gelasius alitazama meza ya mkewe. Akatazama viatu vyake. "Ndiyo," alisema. "Watoto."

"Wako wapi?"

"Wanazunguka."

"Wangu yuko pale anajaziwa fomu ya mjusi. Mjusi, ndugu yangu. Nyumbani tulikuwa tunawafukuza kwa ufagio, hapa nimemlipia dola arobaini, na taa yake, na nyumba ya kioo. Yeye hana kodi, mimi ninayo. Nimeambiwa kuna mtu anauza mifuko ya kumbebea."

Hatua tano si umbali. Kidawa alikuwa amesikia kila neno. Akainyoosha khanga yake.

"Karibu, kaka," alisema. "Mifuko ni hapa."

"Ala, dada wa nyumbani? Wa wapi?"

"Tanga."

"Gelasius, njoo umwone dada wa Tanga anavyofanya mambo. Njoo, bwana."

Gelasius akaja, miguu mizito kama ya mtu anayekwenda kudungwa sindano. Kidawa akampa mkono.

"Hujambo, kaka. Nimefurahi kukufahamu. Una watoto wangapi?"

"Wawili," alisema Gelasius.

"Mungu akukuzie. Na mama yao hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana."

Humphrey aliinua mfuko akavuta pumzi, macho yakafumba. "Kunanukia kama harusini. Nipe mmoja."

Kidawa angeweza kuchukua dola zake nne na kunyamaza. Lakini alimtazama yule mtu aliyefurahi. "Mjusi usimtie leo, kaka," alisema. "Ufue kwanza. Ufue sana, mpaka harufu iishe, ndipo umtie."

Alipomaliza kusema hivyo alibaki ameshika dola nne mkononi, akijisikiliza. Humphrey alipokwisha kwenda, alianza kuirudisha mifuko maboksini, fungu baada ya fungu.

"Unafanya nini?" aliuliza Gelasius.

"Nakwenda kufua."

"Yote?"

"Kasoro miwili."

Mama mwenye maonyesho alipita wakati ule ule. Aliona meza ikivuliwa kitambaa saa saba mchana. "Meza tupu Jumamosi," alisema, akivaa miwani ili aone vizuri. "Nina watu kumi na wawili kwenye orodha wanaoitaka nafasi hii, mama."

"Kesho asubuhi itakuwa imejaa."

"Kesho ni siku ya mwisho," alisema yule mama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wakiwa wanatoka, Wendell aliwaita kutoka mezani kwake, kati ya makontena ya chatu. "Maji ya moto na siki nyeupe," alisema. "Sabuni hapana. Na msikaushe kwenye mashine, zina harufu ya karatasi za manukato ambazo watu hutia humo. Jua tu."

*

Walinunua galoni sita za siki, wakamchukua Charlotte kwenye korido, aliyesema kaka yake atamngoja mpaka kesho, wakapata duka la kufulia lenye mashine kubwa. Kidawa alilisha mashine sarafu mpaka vidole vikanuka chuma. Siki ilipopata maji ya moto, harufu yake ilichanganyika na ya udi, ungesema mtu kamwaga achari msikitini.

Mwanamke aliyekuwa akifua mashine ya jirani aliziba pua. "Mnafua nini?"

Kidawa alitaka kusema foronya. Charlotte, ambaye hakufundishwa kudanganya kwa Kiingereza, akasema: "Ni mifuko ya nyoka."

Yule mwanamke alifungua mashine yake katikati ya safari, akatoa nguo zikiwa zinachuruzika, akahamia upande wa pili wa duka. Akapita kwa mwenye duka njiani. Mwenye duka akaja, mzee mfupi mwenye rozari iliyochungulia kwenye kola, akasema samahani, lakini watoe vitu vyao sasa hivi.

Charlotte alishika boksi. Kidawa alishika kipini cha mlango wa mashine. Ndipo Gelasius alipotoa mikono mfukoni.

Kiingereza cha Gelasius kilikuwa cha seminari ya Bukoba, kirefu na kilichopigwa pasi. Kwa miaka sita uwanja wa ndege hakukuwa na mtu wa kukisikiliza. "Bwana mpendwa," alisema, "ningependa kukuhakikishia kwamba mifuko hii haijawahi kukutana na nyoka yeyote. Imetoka kwenye cherehani ya mke wangu, na kitu pekee ilichokutana nacho ni moshi wa uvumba. Tafadhali nusa mwenyewe, kisha uamue kwa dhamiri yako."

Mzee aliinama, akanusa mfuko uliokuwa bado boksini. Uso wake ukalegea. "Kama misa ya Pasaka," alisema.

"Hasa," alisema Gelasius.

Wakaruhusiwa, kwa sharti kwamba wakimaliza waziendeshe mashine zote tupu kwa maji ya moto, kwa sarafu zao. Gelasius akakubali kwa sentensi nyingine ndefu.

Wakakaa kwenye benchi, wakitazama mifuko ikizunguka nyuma ya kioo.

"Mke wangu," alisema Kidawa. "Nimesikia vizuri? Umesema mke wangu?"

"Mama Angel."

"Maana adhuhuri mke wako nilimtumia salamu. Alizipata?"

Gelasius aliutazama ukuta wa bei. "Nilishikwa."

"Na nini?"

"Na Humphrey. Unamjua yule? Hadi jioni Houston nzima ingekuwa imepata habari. Mhaya, kasoma seminari, mkewe anauza magunia ya nyoka."

"Mhaya mwenyewe anapakia samaki waliogandishwa kwenye ndege."

"Samaki ni chakula."

"Na hii ni mifuko. Wewe ukipakia samaki wa watu najificha nyuma ya nyenje?"

Charlotte alicheka mpaka akakalia kikapu cha nguo cha magurudumu, kikamchukua polepole hadi kwenye mlango. Mwenye duka akamrudisha. Hata yule mwanamke wa upande wa pili alitabasamu, ingawa hakujua kilichosemwa.

Kidawa hakucheka sana. Alikuwa na neno la Alhamisi mdomoni, na mahali palikuwa pazuri pa kulitoa, maana mumewe alikuwa ndiye mwenye makosa. Lakini mifuko ilikuwa bado maji. Akimwambia sasa atakuwa anamwambia kwamba hawana kazi ya wazee na hawana biashara, siku moja, benchi moja. Akaenda kuongeza sarafu.

Gelasius alikunja mikono ya shati jeupe mpaka juu ya viwiko, akafungua mashine ya kwanza, akaanza kukamua.

Motelini walifunga kamba kwenye reli ya ghorofa ya pili toka chumba chao hadi mashine ya barafu. Jua la Julai la Houston halikuwa na mchezo. Mifuko mia mbili na thelathini na minane ikapepea juu ya maegesho ya magari, mgeni mmoja akasimamisha gari akauliza ni sikukuu ya nchi gani. Gelasius alimwambia ni ya Tanzania. Kabla jua halijazama walikuwa wameianua yote, na Charlotte akawa hakimu, akinusa mmoja mmoja kwa pua yake aliyosema haijui kupendelea mtu.

"Huyu amepona. Huyu amepona. Huyu angali na kilevi kidogo, murudishe kwa jua."

*

Jumapili asubuhi Wendell alikuja kabla ya watu wengine. Aliuchukua mfuko mkubwa, akaweka uso mzima ndani yake. Kidawa alihesabu pumzi zake.

"Siki kidogo," alisema. "Siki haidhuru. Subiri."

Akaenda mezani kwake, akarudi na chatu mwenye rangi ya chai ya maziwa, mnene kama mkono wa mtu, aliyejizungusha kwenye kiwiko chake. Bila kuuliza alimteremsha mfukoni, akapiga fundo na kumkabidhi Kidawa. "Nishikie hapo, nitoe pochi."

Kidawa alishika. Hakukuwa na nafasi ya kukataa, mikono ilishaufikia mfuko kabla akili haijafika. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Ndani yake kitu kilijisogeza polepole kama donge la unga linalokandwa na mtu asiyeonekana, kikagusa mshono wa chini, kikaufuata, kikaufuata tena. Alimtazama Gelasius. Gelasius alikuwa amesimama nyuma ya meza leo, tena karibu, lakini vinyweleo vya mikono yake vilikuwa wima.

"Ongeza mshono mwingine kama ipo nafasi," Gelasius alisema kwa Kiswahili, midomo haikutingishika.

"Usinichekeshe, nitamwangusha mteja."

Kile kitu kikazunguka mara ya mwisho, kikatulia. Uzito wote ukashuka chini ya mfuko na ukakaa.

"Umeona?" Wendell alisema. "Amekubali."

"Mwambie na mimi nimekubali. Lakini mchukue."

Alinunua arobaini kama alivyosema jana. Watu waliomwona ananunua hawakunusa tena, walishika na kulipa. Mama aliyetaka harufu peke yake alirudi, akasikitika kwamba imekwisha, akanunua mitano kwa ajili ya mume wake. Gelasius alijifunza kugeuza mfuko ndani nje kwa mkupuo mmoja, akawaambia wateja waingize mkono watafute uzi, na akawa anawapa dakika nzima ya kuutafuta. Kufika saa tisa alasiri ilibaki mifuko ishirini na kitu. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichoonekana kila mahali.

Mama mwenye maonyesho akaja, miwani usoni, daftari mkononi.

"Vizuri," alisema. "Nina nafasi. Wikiendi ya pili ya mwezi Arlington, ya nne Houston. Kila mwezi, bila kukosa. Mnaweza?"

Gelasius alijiweka sawa. "Tunashukuru kwa moyo wote," alisema. "Kwa bahati mbaya mke wangu hufanya kazi wikiendi, kwenye nyumba ya wazee. Tunaweza kuja labda mara moja kila miezi mitatu."

"Basi siwezi kuwapa. Nahitaji mtu wa kila mwezi. Yuko bwana wa taa anaisubiri." Akalamba kidole ili afunue ukurasa.

"Baba Angel," Kidawa alisema kwa Kiswahili. "Siendi tena."

"Huendi wapi?"

"Kwa wazee. Niliacha."

"Lini?"

"Alhamisi. Kwa barua."

Nyenje walilia kwenye maboksi yao. Gelasius alikuwa ameshika mfuko uliogeuzwa nusu, nusu ndani nusu nje.

"Alhamisi hii?"

"Hii hii. Waliniambia nichague."

"Kabla hatujauza hata mmoja."

"Kabla."

"Na jana, siki yote ile, ulikuwa huna kazi?"

"Sikuwa nayo."

"Nani mwingine anajua?"

"Charlotte."

"Charlotte anajua. Mimi mumeo sijui."

"Wewe ulikuwa unazunguka na watoto."

Mama mwenye maonyesho aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Ni ndiyo au ni hapana?" aliuliza.

"Ni ndiyo," Kidawa alisema kwa Kiingereza. "Kila mwezi."

Alipewa kalamu. Alipokuwa akiandika jina lake, herufi kwa herufi, kwenye mstari wa mwenye biashara, alimwona kwa pembe ya jicho mumewe akiweka mfuko mezani na kuondoka. Alikwenda moja kwa moja kati ya safu za meza, shati jeupe likapita kwenye kobe, likapita kwenye taa, likapotea upande wa mlango. Funguo za gari alikuwa nazo yeye.

Mama mwenye maonyesho alimpa nakala ya fomu na kumpa mkono. Kidawa aliikunja mara nne akaitia kifuani. Akauza mifuko miwili kwa mtu ambaye hakuuona uso wake. Akauza mwingine kwa baba na binti waliobeba kobe kwenye sanduku la viatu, binti akamweleza kobe anaitwa nani, na Kidawa akasema ni jina zuri bila kulisikia. Maili mia mbili na hamsini za kurudi Euless zilianza kujipanga kichwani mwake, zote kimya, na Charlotte nyuma akijifanya amelala. Angemwambia nini? Alikuwa ameshayasema yote, na yalikuwa machache.

Meza za jirani zilianza kufungasha. Mtu wa nyenje alikuwa akifunika maboksi yake blanketi.

Gelasius alitokea upande mwingine, upande wa dawati la kukodishia vitu. Alikuwa amebeba kiti cha chuma cha kukunja, chenye namba ubavuni, amekiinua juu ya vichwa vya watoto ili asiwagonge. Alikipitisha nyuma ya meza, akakifungua kwa kishindo, akakijaribu kwa mkono kama hakiyumbi, akakiweka kando ya kiti cha mkewe. Akaketi. Siku mbili hakuwa ameketi ukumbini mle, na alipoketi alinyoosha miguu mbele mpaka viatu vyake vikatokea upande wa wateja.

Alichukua ule mfuko uliokuwa nusu ndani nusu nje, akamalizia kuugeuza, akaulaza juu ya fungu.

"Umekitoa wapi?" Kidawa aliuliza.

"Wanakodisha pale. Dola tano."

"Baba Angel, bado nusu saa wafunge. Umetoa dola tano kwa nusu saa?"

"Cha leo wamenipa bure," alisema Gelasius. "Nimelipia cha mwezi ujao."